Stesheni Mupya ya Buterere

Jamani, sikieni hii! Ilias, rafiki yangu wa taksi, siku ile anaenda kuchukua bibi harusi wake, Hayat. Na baba ya Hayat, mzee Amissi, alishasema mbele ya jamaa yote: "Binti yangu apana kutoka na mutu wa miguu. Uje na gari mbele ya adhuhuri, ama ubaki kwenu."

Esansi, mafuta ya gari, ilikuwa imepotea mujini. Ilias alikuwa na kidogo mu tanki, ya kwenda na kurudi tu. Gari kaiosha, kaivalisha maua, tukatoka. Mi nafilimu.

Kumbe mu njia ya Buterere wanafungua stesheni mupya ya Petroli ya Taifa. Ile sosiete, kampuni ya serikali, weee! Ilianza na chumba kimoja na meza ya kuazima. Leo iko na jumba la etaji, iko na DG, ndiye mukurugenzi mukuu, makamu wa DG, sekretari wa makamu, na kila mutu na jeep yake nyeusi. Inakosa kitu kimoja tu: mafuta.

Jovithe, shefu wa stesheni, akaturukia barabarani, jasho tiririri. "Kaka, niokoe! Televizio imefika, DG amefika, kamio ya esansi imekwama mupakani. Niazime ya kwako, niiweke mu pompi, DG akujazie mbele ya kamera. Dakika moja!"

"We una wazimu? Mi naoa leo!"

"Basi uoe na nchi nzima inakuona!"

Hapo Ilias akalegea. Wakainyonya mu tanki na tuyo ya mupira. DG akakata utepe, akamimina. Makofi!

Mwenye kamera akakohoa: "Pardon, Excellence, kofia ilifunika uso. Turudilie."

Wakanyonya tena, wakamimina tena. Makamu naye akataka picha yake. Kila mara esansi ingine inabaki mu mabomba.

Ilias akawasha. Kho-kho-kho. Kimya.

"Jovithe! Esansi yangu iko wapi?"

"Kaka, ile sasa ni akiba ya taifa."

Ilias machozi karibu. "Basi mutanisukuma!"

Wafanyakazi wote, na iniforme zao mupya, wakasukuma. Njia nyembamba, mupunga huku, mupunga kule. Jeep za wakubwa zikakosa pa kupita, zikatufuata polepole, taa zinawaka, honi piii! piii!

Tulipofika kwao Hayat, mzee Amissi akatoka mbio. Akaangalia maua, wasukumaji, musururu wa jeep. Akanivuta shati.

"Wale wote ni watu wa serikali?"

"Wote, baba. Hata DG."

Akageukia nyumba, akaita muke wake, sauti juu: "Mwantum! Mutoe Hayat haraka! Mukwe wetu anachelewesha serikali!"