Diski ya Saba ya Kikapu Jazz

"Leta ile diski hapa, niichome!"

"Sileti, Papa. Unasemaga ulishaichoma. Kitu kimoja kinachomwaka mara ngapi?"

Mzee Kayitare alipiga meza kofi, chupa za Fanta zikaruka. Zilikuwa chupa sita, zote nusu, kwa sababu bamaman ba kwaya walikuwa wametoka mbio hapo sasa hivi bila kumaliza. Na hapa Gihundwe muntu haachi Fanta nusu hivi hivi. Anaacha kama nyumba inaungua, ao kama amesikia kitu.

Bale bamaman walikuwa wamesikia kitu.

"Micheline wa kwaya amepigia Pasta simu hata hajavaa viatu!" Mzee alilalamika. "Pasta yuko njiani. Nataka akute majivu. Majivu, Ndizeye! Jumapili banataka kuniweka shemasi!"

"Basi choma gazeti, Papa. Majivu yote inafanana."

Ndizeye alikuwa amesimama katikati ya salon ya nyumba yao, diski kifuani kama mama mwenye mutoto mugonjwa. Miaka kumi na tisa, sekondari alimaliza mwaka jana, na tangu siku ile alikuwa na kazi moja: kungoja. Wenzake wanangoja kazi, wengine wanangoja viza. Yeye alikuwa anangoja diski za orchestre moja yenye hata bibi za bapiga gitaa walishaisahau.

Maman Mukamusoni alikuwa ku kiti chake, bahasha tupu ya diski ku magoti. 

Tuseme ukweli, kosa lilikuwa la harusi. Mwaka jana, ku salle moja ya sherehe hapa Gihundwe, Ndizeye alikuwa protokole, wa kupokea bageni na kuwapa Fanta, ndani ya suti ya kuazima yenye mikono yake ilikuwa inaishia ku kiwiko. Mujomba wa bibi-harusi alileta orchestre kutoka Bukavu: bazee batano, mashati rangi ya haradali, jina Kikapu Jazz. Wakatangaza chakula. Salle nzima ikahamia ku chakula. Kwa muziki wakabaki bantu kumi na mumoja, na bane kati yao walikuwa wanangoja kukusanya viti.

Mzee Muderhwa, mupiga gitaa wao, akafunga macho, akagusa gitaa. Ndizeye, na sinia yake ya Fanta, akasimama pale pale. Alisimama mpaka Fanta zikapata moto na meza ya bakubwa ikakauka midomo. Kamati ya harusi haijamusamehe mpaka leo.

"Mzee," alimuuliza nyuma ya salle, "nyinyi muko ku YouTube?"

"Kijana, sisi tuko ku makaburi, ni vile tu hawajafunika," Muderhwa akajibu. "Tulitoa diski saba. Sita utapata, kama Mungu hana kazi ingine. Ya saba, hata mimi mwenyewe sina. Bukavu nzima haina."

Muntu mwenye akili angeenda nyumbani kulala. Ndizeye alitafuta. Ya kwanza alitoa ku ukuta wa kinyozi wa Nguba, kule Bukavu, mwenye alikuwa ameitia mishale na kuifanya saa. Ya ine ilivuka mupaka wa Rusizi ya Kwanza ndani ya beseni ya sambaza, imefungwa vizuri na plastiki. Ku mupaka wakachukua plastiki, juu Rwanda haitaki plastiki, wakaacha diski kati ya samaki. Mpaka leo, ukiitoa ku bahasha, paka wa jirani anakuja. Kufika Pasaka alikuwa na sita. Ya saba alikuwa anaiota.

Na miezi hiyo yote, Papa yake alikuwa anamutazama na huruma ya mutakatifu.

Juu Mzee Kayitare alikuwa na ushuhuda. Alipookoka, zaidi ya miaka makumi tatu imepita, wakati bado walikuwa wanakaa Bukavu, alichoma diski zake zote za dunia mbele ya kanisa. Alikuwa anausimulia kila mara akipewa nafasi, na hata asipopewa. Ndizeye akiwa mudogo, zilikuwa diski kumi na tano. Alipoanza sekondari, zikafika makumi mbili na tano. Mwaka huu zilikuwa makumi ine. Zilikuwa zinazaana ndani ya moto.

Sasa, ku etajeri juu ya televizyo, palibakia diski moja tu, ya Mungu: ya kwaya yenye Maman aliimba akiwa binti. Ku bahasha kulikuwa picha ya mabinti kumi na banane ndani ya kanzu nyeupe, na wa tatu kutoka kushoto, macho imefungwa juu mupiga picha alimushitukiza, ni yeye. Nyumba haikuwa na mashini nzima ya kuicheza. Maman alikuwa anaifuta vumbi kila Jumamosi, basi, kisha anairudisha ku kitambaa chake cha kufuma.

Wiki hii Ridhwani, fundi radio wa Kamembe, akatengeneza mashini ya zamani ya Ndizeye. "Mashini ni nzima," alisema. "Ilikuwa inafuga panya tu." Ndizeye, kwa mara moja ndani ya maisha yake, akataka kuwa mutoto muzuri. Akamwambia Maman aite wenzake ba kwaya, wasikilize sauti yake ya ubinti.

Wakakuja sita. Maman akaweka diski mwenyewe, macho yake ku picha tu. Wenzake wakafunga macho. Sindano ikashuka.

Ikatoka gitaa. Kisha sauti ya mwanaume, yenye imelowa pombe: *Emerance, leta ingine, hii imekauka.*

Kwa heshima, bamaman wakangoja. Labda ni sifa za mutindo mupya. Wakangoja ubeti muzima. Kisha Maman Micheline, mukubwa wa kwaya, akatazama chini, akaona muguu wake mwenyewe unapiga ngoma. Hapo njo alipiga kelele.

Ndizeye hakusikia kelele. Ile gitaa alikuwa anaijua. Ilikuwa ya saba.

"Nilichanganya," Mzee alikuwa anasema sasa, sauti imeshuka kidogo. "Siku ile kulikuwa moshi, bantu banaimba, banalia... Diski zote ni nyeusi."

"Papa, Maman anakumbuka ya kwaya ilikuwa na karatasi ya bluu katikati. Hii ni nyekundu kama nyanya."

"Unanifundisha rangi?"

"Hapana. Nakuuliza tu. Kama hii ilikuwa ndani ya bahasha ya kwaya, kwaya ilikuwa ndani ya bahasha gani?"

Siku za mwizi ni makumi ine, na Mzee alikuwa amefikisha hesabu kwa mudomo wake mwenyewe.

Maman njo alijibu, polepole, bila kuinua macho.

"Pasta wa wakati ule alikuwa anahesabu bahasha. Hakuwa anafungua." Akapapasa wa tatu kutoka kushoto. "Kayitare. Ulichukua sauti yangu, ukaivalisha nguo ya Kikapu Jazz, ukaitupa ku moto. Na mimi nilikuwa hapo. Nilikuwa napiga makofi."

"Mukamusoni..."

"Nilikuwa napiga *makofi*, Kayitare!"

Chupa moja ya Fanta ikaanguka yenyewe, kwa woga.

"Nilikuwa kijana," Mzee akasema. "Ilikuwa moja tu. Zingine zote nilichoma kweli."

"Zote makumi ine?" Ndizeye akauliza, na heshima yote.

Mzee akatazama dirisha. "Tisa," akasema.

Inje pikipiki ikasimama. Pasta alikuwa anamulipa mumotari, na kwa sauti yake ilionekana hakufurahi.

"Ndizeye, ilete!" Mzee akanyoosha mukono. "Haraka, jiko bado liko na makaa!"

Maman akasimama, akaingia katikati yao, bahasha kifuani. "Haichomwi. Ndani ya hii ndoa tulishachoma diski za kutosha. Wewe, Ndizeye, pitia mulango wa nyuma, peleka kwa Ridhwani, mwambie yule Mzee wa Bukavu akuje asikie kazi yake. Na wewe, baba, kaa. Pasta akiingia utamupa ushuhuda. Ule wa tisa."

"Na ushemasi?"

"Utamuuliza Emerance."

Ndizeye akaingiza diski ndani ya koti. Alikuwa na maneno mazuri ya kumwambia baba yake, alikuwa ameyapanga tangu bamaman bakimbie. Akamutazama pale ku kiti, mwanaume muzima amekuwa kidogo kama mwanafunzi ku ofisi ya direkta, na maneno yakamukimbia, bila viatu, kama Maman Micheline.

Alikuwa ameshashika mulango wakati Mzee aliita.

"Ndizeye!"

"Papa?"

Mzee akatazama bibi yake, akatazama sakafu.

"Usiipitishe ku jua. Inapinda." Akakohoa. "Na upande wa pili njo muzuri."

"Kayitare!" Maman akasema.

Ndizeye akatoka, akafunga mulango.