Pua ya Eliécer Bolaños

Huku kwetu juu, kahawa inapoishia na baridi kuanza, hakuna saa inayoweza kukwambia kwamba kahawa uliyoimenya jana na kuitia tangini iko tayari kuoshwa. Ukungu ukishuka mapema, inakaa tangini na ute wake mpaka unachoka kungoja. Jua likiwaka, inawahi kuliko ulivyotegemea. Ukiiosha mapema, ute unagoma kutoka. Ukichelewa inachacha, na kahawa iliyochacha, uikaange utakavyo, itajitangaza kikombeni.

Ndiyo maana tulikuwa tukimwita Eliécer Bolaños. Shamba lake limepakana na langu upande wa bonde. Ni mzee mrefu, si msemaji, na pua yake ni kubwa hasa. Watoto wa shule waliwahi kuichora ukutani kwa mkaa. Alipopita akasimama, akaitazama, akasema wameipunja.

Alikuwa akija asubuhi, anavua kofia, anainama juu ya tangi, anafumba macho na kuvuta pumzi mara moja tu. Kisha anasema "osha" au "bado." Hakuwa na maelezo zaidi, na sisi hatukuyaomba. Kahawa ya mlima wetu ilikuwa na jina zuri kwa wanunuzi wa mjini La Unión.

Mwaka mmoja, mavuno yakiwa ndiyo kwanza yanaanza, akashikwa na homa mbaya. Mkewe, Aura, alimfukiza kwa majani ya mkaratusi, akamnywesha maji moto ya sukari guru na tangawizi, na mzee akainuka. Amekonda, lakini ameinuka. Watu wakaendelea kumwita kama kawaida.

Zamu yangu ilipofika, nilikuwa nimeshachuma mteremko wote wa juu, ile sehemu bora aliyoniachia baba. Nilipofunua tangi, puani mwangu kulikuwa na ukali kidogo, kama wa juisi ya miwa iliyosahaulika juani. Eliécer akainama. Safari hii alivuta pumzi mara mbili, tena ya tatu.

"Bado, Nubia. Iache mpaka kesho."

"Mzee, mbona mimi nasikia kama ukali hivi?"

"Ukali upi? Una mafua wewe."

Nikacheka, nikafunika tangi. Nani angebishana na ile pua?

Niliiosha kesho yake, nikaianika chini ya turubai la plastiki, nikaigeuza kwa reki mpaka ikakauka vizuri, nikaipakia garini. Mjini, yule dada anayewaonjea wanunuzi kahawa alivuta kijiko kimoja mdomoni, akatema.

"Dada yangu, hii ni siki."

Nikarudi nyumbani na magunia yangu, nimekaa juu yake nyuma ya pikapu, na njia nzima nilikuwa nayapanga maneno ya kwenda kumwambia Eliécer. Yalikuwa mengi, na hayakuwa mazuri.

Sikupita hata kwangu. Nilipofika uani kwao nikakutana na harufu ya maharage yanayoungua. Aura alikuwa bandani akiwakatia nyasi simbilisi wake, na harufu ilimfikia wakati uleule. Akatupa mundu, akanipita mbio, tukaingia jikoni pamoja.

Eliécer alikuwa ameketi kando kabisa ya jiko la kuni, anapukuchua mahindi, ametulia kama mtu aliye kanisani.

"Baba Yamile! Maharage!"

"Yamefanya nini?"

Aura akaipua sufuria kwa upindo wa aproni. Akamtazama mumewe, akaitazama sufuria. Hakupiga kelele. Akachukua punje ya kitunguu saumu, akaiponda kwa ubapa wa kisu, akaja nayo.

"Fumba macho."

"Aura, tuna mgeni."

"Nubia si mgeni. Fumba macho. Hii ni nini?"

Mzee akavuta pumzi. Tulingoja. Kitunguu kilikuwa kinanichoma macho mimi niliyesimama mlangoni.

"Kahawa," akasema.

Aura akakirudisha kitunguu mezani polepole. "Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

"Na kila siku unakwenda kuinamia matangi ya watu!"

"Walikuwa wananiita. Ningewaambia nini?"

"Ungewaambia huna pua!"

"Na mtu asiye na pua ataitwa kufanya nini?"

Ndipo akanigeukia mimi, na nadhani alijua kabla hajauliza. "Kahawa yako?"

"Imerudi, mzee. Imekuwa siki."

Akaliweka chini gunzi alilokuwa ameshika. "Nilitumaini pua itarudi. Kila nikiamka nasema leo itarudi." Kisha akasema kwa sauti ya chini, si kwangu, "Hata wewe, mama Yamile. Nageuka kitandani, ni kama nimelala na mtu nisiyemjua."

"Usiyemjua ndiye anayekufulia soksi?" Aura alisema, lakini alikuwa ametupa mgongo, anakwangua sufuria ambayo haikuwa na haja ya kukwanguliwa wakati ule.

Yale maneno niliyokuja nayo sikuyaona tena. Nikaketi. Tukala viazi, maana maharage hayakulika.

Asubuhi yake Eliécer alivaa shati safi akapita nyumba kwa nyumba. Alinitaka nimsindikize nyumba ya kwanza. Alisimama mlangoni, akasema, "Nimepoteza pua. Yale niliyowaambia mavuno haya nilikuwa nabahatisha. Mnisamehe." Baada ya hapo akasema zilizobaki atakwenda peke yake. Wengine walimpa kahawa. Mmoja alimtukana, na Eliécer alisimama akayasikiliza matusi yote mpaka mwisho.

Kisha akaja shambani kwangu na kikapu kiunoni, akaanza kuchuma. Nikamwambia aache, hana deni na mimi. Akasema, "Sijakuuliza," akaendelea.

Aura ndiye aliyeleta wazo jipya. Tulikuwa tumesimama watatu kwenye tangi langu, hakuna anayejua la kufanya, mara akasema, "Lakini mimi nina pua."

Eliécer akamtazama kama ndiyo kwanza anaiona.

"Haya. Inanuka kama nini?"

"Kama kahawa."

"Kahawa haiwezi kunuka kama kahawa! Sema vizuri."

"Kama... nguo mbichi."

"Nguo mbichi ya namna gani? Ya sabuni au ya jasho?"

"Unanichosha, mzee. Ya sabuni!"

"Basi bado."

Walibishana hivyo mavuno mazima. Aura alinusa na kutafuta maneno. Eliécer aliuliza, kisha akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akazisugua punje kiganjani kusikiliza kama zinateleza au zinakwaruza. Siku za kwanza walikosea kwa kuwahi mno, tukatoka jasho kuosha ute. Baadaye hawakukosea sana. Siku moja Aura alifunua tangi, akatabasamu, akasema, "Maganda ya tufaha, asubuhi, yakiwa bado na umande," na mzee akatoa mkono majini, akasema, "Osha!" kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu augue.

Kahawa ile niliipeleka mjini. Yule dada alionja, hakutema. Akavuta kijiko cha pili, akaniuliza kama bado ninayo nyingine.

Pua ya Eliécer haikurudi. Siku hizi watu wakija kuomba msaada humwita Aura, na Aura hawezi kwenda bila yeye, kwa hiyo utawaona wakipanda mlima pamoja asubuhi, Aura mbele na mzee nyuma, wanabishana. Jana walipita kwangu. Aura alikuwa analalamika kwamba sasa hata akipika chakula, mume wake anamtaka kwanza aeleze kinanukaje kabla hajaonja.

"Na unamweleza?" nikauliza.

"Nitafanyaje?" akasema. "Asipoelezwa, hali kitu."