Maji Yasiyopungua

Kila Jumamosi fundi cherehani alifunua mfuniko wa tangi lao la saruji, akashusha futi yake iliyofungwa kokoto na kupima maji ya mvua yaliyobaki. Bati lilikuwa halijaona tone kwa miezi minne. Kila wiki maji yalishuka inchi tatu.

Alipoitwa kumuuguza mama yake, alichora alama ya mkaa pale maji yalipofika, akaondoka. Aliporudi baada ya wiki moja, alipima kabla hata ya kuvua viatu. Maji yalikuwa palepale kwenye alama.

Mumewe alisema labda wamebana matumizi. Lakini wiki iliyofuata pia hayakushuka, na chai ikaanza kuwa na ladha asiyoielewa. Shaka ikamwelekea wifi yake, aliyehamia kwao baada ya ndoa yake kuvunjika. Wifi aliamka kabla ya wote, na kila asubuhi pindo la gauni lake lilikuwa limelowa. Akiulizwa, husema alikuwa anafagia uwanja. Kufagia gani huko kunakolowesha nguo?

Fundi akaacha kula alichopika wifi, akisingizia tumbo. Maji ya kunywa akawa anaomba kwa jirani. Ijumaa akautia mfuniko kufuli.

Kulipopambazuka alimkuta wifi amesimama kando ya tangi, madumu mawili yaliyojaa miguuni, viganja vimechubuka.

"Wifi, unatutilia nini humu?"

Wifi alieleza kwamba fundi alipokuwa safarini, yeye mwenyewe alisahau koki wazi, robo ya tangi ikamwagika. Aliogopa kuonekana amekuja kuwamaliza. Kaka yake akienda kazini, yeye alibeba maji ya kisima cha chumvi kilicho nyuma ya machimbo, mpaka yakafika kwenye alama; fundi aliporudi, akawa anayabeba alfajiri.

"Mbona hukuacha?"

"Sikujua niishie wapi. Niliiona alama tu."

Fundi alitazama vile viganja, akakosa pa kuweka macho. "Nami nilidhani unataka kuniua," alisema.

Maji yale waliyafulia, kisha wakalisugua tangi pamoja. Mvua ilipofika waliacha ioshe bati kwanza, ndipo wakauelekeza mfereji ndani. Lakini tangu hapo wifi hachoti hata kikombe bila kumwomba fundi ruhusa.