Mlango Asioutaka

Hivi wewe, ukipewa kitu unachokitamani usiku na mchana, utajibu nini? Utasema ndiyo, au siyo? Basi Bi Sindano hakusema ndiyo.

Jina hilo alipewa na wateja wake. Alikuwa fundi cherehani tangu ujana, na sindano haikumtoka mdomoni hata akiongea. Alishonea sebuleni kwake, kwenye kidirisha kinachotazama ukuta wa jirani. Miezi hiyo macho yalikuwa yanamwangusha. Suruali nyeusi aliishona kwa uzi wa bluu, mwenyewe akairudisha huku anacheka. Kola moja aliifumua mara tatu. Hakumwambia mtu. Fundi akijulikana haoni, nani atamletea kitambaa?

Siku moja akapita shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Huyo wanamwita Mwalimu, ana shule ya watoto wadogo. Nyumba yake ina chumba cha mbele chenye dirisha pana, jua linaingia asubuhi mpaka jioni.

"Shemeji," akasema, "kile chumba kiko wazi. Hamishia cherehani yako. Wewe nishonee sare za watoto kila mwaka, mimi nikupe chumba. Basi."

Moyo ulimruka. Lakini yeye tangu lini akakubali bei ya kwanza, hata ya kifungo? Tena aliogopa akisema ndiyo upesi, ataulizwa ana haraka ya nini. Akajitia kukunja uso.

"Nitahamia ukinitobolea mlango wa barabarani. Au wateja wangu wawe wanapita sebuleni kwako, wamkanyage mkeo?"

Mwalimu akacheka kidogo, akachukua kofia yake, akaenda zake bila neno.

Bi Sindano akahesabu mambo yameiva. Akaipaka cherehani mafuta, akashona pazia la dirisha lile, akawaambia wateja anahama. Wiki ya pili muuza maziwa akamletea habari: Mwalimu amemwambia kinyozi achukue kile chumba akikitaka, na kinyozi ameahidi kujibu Jumamosi adhuhuri.

Jumamosi yenyewe ndiyo siku hiyo. Akatoka mbio mpaka kwa jirani yake, karani mstaafu wa mahakama, akamkuta mlangoni anamenya chungwa.

"Karani, namshtaki shemeji! Kanipa chumba, kaninyang'anya!"

Akamweleza yote. Karani akamsikiliza mpaka mwisho.

"Dada, hakukunyang'anya. Mapatano ni mmoja atoe neno, mwenzake alipokee vilevile lilivyo. Wewe ulilisukuma la kwake, ukaweka la kwako lenye mlango. La kwake likafa palepale."

"Lakini alinyamaza! Aliyenyamaza si amekubali?"

"Labda kwa wachumba. Mahakamani, kunyamaza ni kunyamaza."

"Basi nitauacha huo mlango. Nitamwambia nakubali lile la kwanza."

"Halipo tena la kukubaliwa. Labda umwombe upya, naye ana hiari kukataa."

Bi Sindano akakaa chini. "Na kinyozi?"

"Hajajibu, kwa hiyo hajafungana na mtu. Kabla hajasema ndiyo, Mwalimu anaweza kumwambia amebadili nia. Akishasema, kwisha habari. Sasa ni saa tano na nusu, dada, na mimi nakutazama umekaa."

Njiani alijikwaa mara mbili kwenye mawe asiyoyaona. Alikuwa anapanga maneno: atamtaja marehemu, atataja undugu, atalia ikibidi. Akamkuta Mwalimu chumbani anafuta vioo. Mwanga ulijaa mpaka pembeni.

"Karibu, shemeji. Umekuja kunitukana?"

"Kwa nini kinyozi?"

"Ulitaka mlango. Ukuta ule wa barabarani ndio uliobeba paa, nikiutoboa nyumba inatuangukia, na wewe unajua, uliuona ukijengwa. Nikasema, shemeji hakitaki chumba, ameona haya kunikatalia usoni."

Yale maneno yote ya njiani akayaacha. Kupitia dirishani aliona mtu mwenye koti jeupe anavuka barabara kuja upande wao. Sura hakuitambua, ila koti lile la kinyozi alilishona yeye.

"Sikutaka mlango."

"Ulitaka nini, basi?"

"Nilitaka dirisha," akasema Bi Sindano. "Macho yangu yanakwisha, shemeji. Kule kwangu sioni tena tundu la sindano. Nipe chumba hiki, hivihivi kilivyo, na sare zako nitazishona."