Nyumba ya Mlango Mmoja

Miaka minne tangu mwanawe Lusungu aoe, Mzee Anyosisye alikuwa hajauona uso wa mkwe wake, na alijivunia jambo hilo kuliko kakao yake yote. Kwa Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mke wa mwana hawatazamani wala hawakai chumba kimoja. Vijana wa kijiji chao cha Matema, kando ya ziwa, siku hizi wanaucheka mwiko huo, lakini Georgina, Mhaya wa Bukoba aliyekutana na Lusungu huko Toronto, aliushika kuliko wenyeji. Kila walipokuja likizo, mzee akikohoa njiani, yeye huingia migombani na kumpa mgongo. Chakula alikiacha juu ya kigoda mlangoni, kimefunikwa vizuri. Mzee alimjua kwa mlio wa kandambili zake na kwa wali wake, na alimpenda kwa dhati.

Mwaka huu Lusungu alikuja na kishikwambi na haraka nyingi. Kanada alikuwa ameshachukua uraia, na sheria za huku hazimpi mgeni ardhi ya kijiji. Ndiyo hivyo, mtoto aliyezaliwa hatua mia kutoka ziwani amegeuka mgeni. Kwa hiyo alitaka kununua nyumba ya ghorofani, ya kifahari, katika mji unaoruhusu watu wa nje kununua. Sehemu ya fedha angekuwa nayo kama baba angekubali kumuuzia Lazaro kiwanja chao. Lazaro alikuwa tajiri wa Mbeya, na nyumba zake za wageni zilishafika kwenye ua wao.

"Tata, kuna Dubai, kuna Kigali, kuna Zanzibar," alisema Lusungu, akipitisha picha kwa kidole. "Nataka unishauri. Sitanunua bila baraka zako."

Mzee alivaa miwani. Tangu mkewe Angetile azikwe pale nyuma ya jiko, aliogopa kitu kimoja tu: kufa peke yake, na jirani aje kugundua siku ya tatu. Sasa mwanawe anatafuta nyumba na anamwita washauriane. Kwa akili yake, nyumba ya mwana ina sehemu ya baba, tangu enzi na enzi. Hakuona la kuuliza hapo.

"Hii ya Dubai ina milango mingapi?"

"Mmoja, tata. Ghorofa ya thelathini na moja, bwawa la kuogelea, kodi nafuu."

"Na jikoni mnapitia wapi?"

"Jiko liko humo humo sebuleni. Ndiyo mtindo wa kisasa."

Mzee aliitazama picha tena. Jiko sebuleni! Mkwe anakaanga samaki, baba mkwe amekaa kwenye kochi hapo hapo, wanaangaliana kama majirani sokoni. Alisema Dubai haifai. Lusungu akadhani mzee anahofia joto, akaeleza habari za Kigali, usafi wake, usalama wake, jinsi bei zinavyopanda kila mwaka. Mlango mmoja. Zanzibar nayo mlango mmoja, ila ile ilikuwa na kibaraza kikubwa kilichotazama baharini.

Siku tatu nzima mzee alikaa na picha za kibaraza kile. Angeweka kiti chake pembeni, aipe bahari uso na jiko mgongo. Lakini usiku ukiingia je? Na akienda chooni? Msichana wa watu ajifiche nyumbani kwake mwenyewe mpaka lini? Siku ya nne alimwambia Lusungu, "Zanzibar," na asubuhi ile ile wakaenda ofisi ya kijiji kumuuzia Lazaro kiwanja. Lazaro aliahidi kulizungushia uzio kaburi la Angetile. Mzee akaweka sahihi, Lazaro akampakia Lusungu kwenye gari lake wakamalizie benki Kyela mjini, naye mzee akarudi kwa miguu, moyo mwepesi na mzito kwa pamoja.

Alipofika alivaa koti la kanisani. Alikuwa ameamua. Ikiwa nyumba ina mlango mmoja, basi aibu aibebe yeye aliye mzee, kuliko kumtesa binti. Akakamata kuku wake mweupe wa pekee, akamfunga miguu, akapita migombani kwenda nyuma ya nyumba. Safari hii hakukohoa.

Georgina alikuwa anapepeta mchele. Alipomwona aliruka, ungo ukamwagika, akajifunika kitenge usoni.

"Mwanangu, usikimbie. Nitazame."

"Baba, mwiko!"

"Nimeuondoa mimi mwenyewe. Zanzibar mlango ni mmoja, tutakimbizana mpaka lini?" Akamnyooshea kuku. "Pokea, huyu ni wa kuufunga mwiko. Tutakaa vizuri. Mimi si msumbufu, nitakuwa kule kibarazani."

Kitenge kilishuka polepole. Mzee akauona uso ule kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mchanga kuliko alivyofikiri, una mwanya, na ulikuwa haujamwelewa. Kisha ukamwelewa. Alitamani asingeuona wakati huo.

"Baba," alisema Georgina, "Lusungu hakukuambia? Kule hatukai sisi. Ni nyumba ya kupangisha watalii. Sisi Jumapili tunarudi Toronto."

"Na mimi?"

"Amekutafutia chumba Kyela mjini. Kina umeme. Alisema atakwambia leo." Machozi yalianza kumtoka. "Mimi nilijua mmeshaongea. Nisamehe, baba."

"Ndaga," alijibu mzee, maana hakupata neno jingine, na hilo la shukrani ndilo lililokuwa karibu. Alimweka kuku chini. Aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake, aibu ya mtu aliyejivua nguo akidhani amefika mtoni. Kiwanja kimekwenda. Heshima aliyowekewa miaka minne ameivunja kwa mkono wake, na hakupata mlango wowote badala yake.

Akageuka atazame migomba. Akakohoa, kikohozi chake kile cha njiani, ili mkwe apate nafasi ya kujificha kama zamani.

Akasubiri kusikia kandambili. Georgina hakuondoka. Alibaki amesimama pale pale, anamtazama.