Kipaza Sauti Si Spika ya Harusi

Wazazi wenzangu, kama nyumbani kwenu kuna mtoto anayeandika kwa kuongea na kompyuta, nisikilizeni kabla hamjamharibia. Mimi niliishia darasa la saba, mambo ya mashine sikuyasomea, ila haya niliyaona kwa macho yangu.

Binti yangu ni mpiga chapa wa wakili. Mwaka huu mikono ilimgomea. Mishipa ilivimba mpaka kushika kijiko ikawa shida, na daktari akamkataza kuchapa. Wakili akamwambia, "Ukiweza kuniandikia barua kwa sauti, kazi yako ipo. Ijumaa nitapita kwenu nijionee. Ukishindwa, itabidi nitafute mwingine."

Tukaanza kujaribu. Binti anasema sentensi nzima, kompyuta inaandika nusu, na hiyo nusu imevurugika. Ndipo akaja mdogo wangu, mjomba wake, anayepiga muziki kwenye harusi.

"Dada, huyu anaongea kama mbu ndani ya chandarua!" Akafungua mipangilio, akakisukuma kipimo cha kipaza sauti mpaka mwisho, akawasha na kile kitufe cha kuongeza nguvu ya sauti. "Haya mpwa wangu, paza!"

Akapaza. Jirani akaitikia "Abee!" Kompyuta ikaandika vibaya kuliko mwanzo.

"Ongeza!" akasema Mjomba. Mpaka jioni mtoto hana sauti. Nikawaza: mikono imeshakwenda, sasa na koo nalo?

Asubuhi alikunywa maji ya uvuguvugu, akamwita mjomba wake. "Njoo uwe mikono yangu. Lakini usiguse kitu mpaka niseme."

"Heh! Sawa, bosi."

"Mjomba, kule harusini unataka wa nyuma wasikie. Msikilizaji wangu ni kompyuta, hana nyuma. Yuko hapa hapa mdomoni."

Akajirekodi, akajisikiliza. Kila neno lilikuwa linakwaruza kama redio iliyopoteza stesheni. Ule mstari wa kwenye kioo unaocheza mtu akiongea ulikuwa unagonga kwenye wekundu muda wote.

"Shusha. Kidogo. Mjomba, kidogo hukijui?"

"Kwetu kidogo ni hivi."

"Basi nusu ya kidogo chenu."

Akasoma kifungu, akautazama mstari, akaagiza kipimo kishushwe tena, akasoma kifungu kilekile. Kile kitufe cha kuongeza nguvu kikazimwa. Halafu akagundua kwamba kompyuta ilikuwa inasikiliza kwa kitundu chake yenyewe cha juu ya kioo, na zile hedfoni zenye kipaza sauti alizovaa masikioni zilikuwa pambo tu! Akaagiza zichaguliwe. Kipaza sauti cha hedfoni akakitaka kando ya mdomo, pumzi isikipige.

Nilimtazama nikasahau kuhofu. Hakununa, hakumlaumu mtu. Alibadilisha kitu kimoja, akakionja kama mimi ninavyoonja chumvi, ndipo akaenda kwenye kingine. Nikajiuliza, subira hii kaitoa wapi? Kwangu hakuitoa.

Mwishowe maneno yakaanza kutoka yamenyooka. Ila hata tuliponyamaza wote, mstari ulikuwa unatetemeka.

"Friji," akasema. "Mama, tuizime wakili akija?"

"Friji yangu msiiguse! Mna samaki mle."

Basi friji ikabaki inawaka.

Ijumaa wakili alifika mchana, akaketi, akamwekea barua ndefu mbele yake. Binti akaanza kuisoma kwa sauti ya kawaida kabisa, ya kumwambia mtu nipe chumvi. Maneno yakajipanga kwenye kioo. Wakili akavaa miwani, akasogea. Mjomba alikuwa ameng'ata kidole.

Hapo friji ikaanza kunguruma. Nikaona mstari unatetemeka, na neno moja likatoka kombo. Binti hakugeuka kunitazama, akaendelea tu. Nikavua ndala, nikanyata mpaka jikoni, nikang'oa waya.

Alipomaliza, wakili alisoma yote kimyakimya. Akaonyesha lile neno moja.

"Hili tutalirekebisha," akasema. "Jumatatu nakutumia mafaili. Na uipumzishe hiyo mikono."

Mjomba akapiga makofi mpaka mstari ukagonga kwenye wekundu.

Kwa hiyo nawaonya, wenzangu: msiwahimize kupiga kelele, na kipimo msikipandishe kwa kudhani mnasaidia. Mwacheni mtoto apime mwenyewe, ninyi nyamazeni. Na kama friji yenu inanguruma, samaki pikeni mapema. Wangu niliwapika jioni ileile, wote, na binti nikamlisha kwa mkono wangu.