Jukwaa la Tatu

Niliingia mbio, viatu mkononi. "Baba! Mama! Nimepata kazi! Wanaopanua stesheni wamenichukua!"

Nyumba yetu ya reli imebanwa kati ya jukwaa la pili na daraja la abiria. Treni ikipita, wote tunanyamaza. Ikishapita, tunaendelea pale pale tulipoishia, hata kama ni ugomvi.

Nikatandaza ramani mezani. "Hili jukwaa la kwanza, la enzi za babu. La pili lilijengwa wewe, Baba, ukiwa mkata tiketi hapa. La tatu ndiyo kazi yangu!"

"Hongera, mwanangu," baba akasema. "Linapita wapi?"

Nikaweka kidole. Kikatua kwenye kijisanduku chekundu, "jengo la kuondoa". Asubuhi, kwenye jaribio la kazi, nilikipaka rangi mwenyewe, nikipiga mluzi. Sasa ndipo nikaona ni jiko letu.

Mama akaepua sufuria. "Kumbe abiria watashukia jikoni kwangu." Hakuna aliyecheka.

Baba akafungua mdomo. Treni ya jioni ikaingia, vikombe vikatetemeka, tukanyamaza kama kawaida.

Treni ikapita. Tukamsubiri aendelee. Akavuta kikombe chake, akanywa chai.